Ufunguo wa Bi Mongia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mwenyekiti wa Chama cha Maji. Ndugu zangu wafanyakazi wa vitalu. Wageni waalikwa mliotoka mjini Gabesi na mliotoka mbali zaidi. Na nyinyi kina mama wa hamamu, mlioikalia safu ya mbele iliyotengewa watu wa benki, na hakuna mwanamume hapa aliyethubutu kuwainua: asalamu alaikum.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga Bi Mongia, mshika koki zetu za maji moto kwa miaka ishirini na minane. Mwenyewe ameniambia asubuhi, "Mwanangu Lazhar, fupisha, kuskusi itapoa." Nitajitahidi. Lakini ipo shukrani niliyokaa nayo kifuani miaka ishirini na minne, na leo nisipoitoa nitakuwa punda, ambaye fadhila zake sote tunazijua.

Nianze na kosa langu. Wengi mnanijua kama mhandisi aliyepanga vitalu nyumba hivi, hekta kumi na moja za nyanya chini ya nailoni, zinazovunwa hata katikati ya baridi. Nilipanga kwa miaka miwili. Nilipima upepo wa jangwani, nikapima chumvi ya udongo, nikahesabu malori, masanduku ya nyuki wa kuchavusha, na chokaa ya kupaka juu ya nailoni jua linapokuwa kali. Kwa baridi ya Januari nilipanga kutumia maji ya ardhini kwetu, yanayotoka kisimani yakiwa ya kuunguza: yapite kwenye mabomba kati ya mistari ya nyanya, yaipashe joto mimea, kisha yakishapoa yaende kunywesha mitende. Kila kitu kilikuwamo katika ramani yangu. Hata hamamu, nyumba ya kuogea ya mji mzima, ilikuwamo. Niliichora mraba mdogo, na pembeni nikaandika: "Jengo la kale. Halina matumizi."

Kina mama, naona mnacheka. Mwaka ule hamkucheka.

Nilifungua koki kuu siku ya Alhamisi, mchana, mbele ya wapiga picha. Sikujua kwamba hamamu inakunywa kisima hicho hicho. Haikupita nusu saa, wanawake arobaini waliokuwa ndani wakiwa na sabuni kichwani wakajikuta wanajimwagia maji baridi. Tukasikia kelele barabarani. Walikuja wamejifunga mashuka, wengine na mitalawanda bado miguuni, na mbele yao alikuwa Bi Mongia, ambaye siku hizo kazi yake ilikuwa kuwasugua watu migongo.

"Mhandisi ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana." Akaitazama koki, akanitazama mimi. "Nyanya zako zinahisi baridi saa ngapi?"

"Usiku, mama."

"Sasa mchana huu unampashia nani joto? Hawa wenye kamera?"

Waheshimiwa, hilo sikufundishwa katika miaka yangu sita ya chuo kikuu. Palepale, povu likimchuruzika shingoni, akanipangia: mchana maji ni ya hamamu, usiku ni ya vitalu, alfajiri ni ya mitende. Ratiba hiyo ndiyo mnayoiona imechapwa katika vitabu vya kampuni, na chini yake pana jina langu. Mwenye ratiba ni huyu hapa. Kesho yake nilimpa ufunguo wa koki kuu, na sikuwahi kujuta.

Sasa naja kwenye lile lililonikaa kifuani. Baridi ya mwaka wa nne, pampu moja iliungua. Iliyobaki iliweza kazi moja tu: ama hamamu mchana, ama kujaza birika kubwa la vitalu kwa ajili ya usiku. Redio ikatangaza baridi ya kugandisha maji. Mimi nilikuwa Tunisi, mji mkuu, nawaeleza wageni wenye suti jinsi mipango yangu isivyo na kasoro. Na siku hiyo, ndugu zangu, ilikuwa siku ya bibi harusi kuogeshwa hamamuni, na bibi harusi alikuwa Selwa, binti pekee wa Bi Mongia. Wageni wamefika, hina imekwisha kukorogwa, mishumaa imewashwa. Bi Mongia akaenda kwenye koki, akaifungia hamamu, akazifungulia nyanya. Hakuna aliyemwagiza. Selwa akaogeshwa nyumbani, kwa maji ya kuchemshwa, akilia. Selwa, uko wapi? Yule pale. Nisamehe, dada yangu.

Niliporudi nilimuuliza mama yake kwa nini. Akanijibu, "Nyanya hazijui kuchemsha maji. Selwa anajua." Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wanawake mia na sitini wanakula kwa vitalu vile, na Ramadhani iko mlangoni, je, angewatazama vipi usoni?

Nami nilifanya nini? Katika taarifa ya mwaka niliandika, "Mfumo ulifanya kazi vizuri." Ni mimi niliyeandika maneno hayo, na ninaona haya kuyasoma.

Leo yamejirudia. Pampu moja iko kwa fundi tangu Jumapili. Redio inasema Alhamisi baridi itafika sifuri. Na Alhamisi ni siku ya kuogeshwa Shaima, binti wa Selwa. Jana Bi Mongia alikuja ofisini, akaweka ufunguo mezani, akasema, "Usihangaike na harusi yetu, mwanangu. Tuna masufuria."

Hapana, Bi Mongia. Safari hii hapana. Alhamisi maji yote ni ya hamamu, tangu adhuhuri hadi mwanamke wa mwisho atakapotoka akiwa amechoka kwa vigelegele. Huenda tukapoteza vitalu viwili vya upande wa kaskazini; sitawaficha. Mshahara wa mtu hautaguswa, hilo nimeliwekea saini. Mmoja wa wenye hisa ameniuliza kwa simu hasara hiyo ni kwa ajili ya nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya jengo la kale, lisilo na matumizi.

Kampuni imekununulia saa ya mkononi, na utapewa. Lakini zawadi yangu ni hii. Upokee tena ufunguo wako. Ukae nao wewe, si mimi, maana mimi baridi ikizidi naweza kuingiwa na hofu nikaharibu. Utaurudisha Ijumaa, baada ya kifungua kinywa, na si mapema.

Na sisi wengine? Iko nailoni ya pili ghalani, ya kutandaza juu ya mistari, kitalu baada ya kitalu, kabla jua halijazama. Hekta kumi na moja ni nyingi kwa zamu moja ya watu. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ameniahidi kuja, na amesema atakunja mikono ya shati. Wanaume wa mji huu, mliooga maji ya Bi Mongia tangu mkiwa watoto, mtakuja?

Leo nawashukuru kwa masikio yenu. Alhamisi, inshallah, nitaishukuru mikono yenu.