Kifungo Yenye Ilifutwa

Muji ya Baraka iko na viti mingi, lakini kijiwe yenye kujua siri zote za Serikali ni moja tu: ile kiti murefu ya mbao kwa kahawa ya Mama Nella, mbele ya bureau ya vibali. Bantu bakingojea kuitwa, banapewaka pale mashauri ya bure, na bengi banaingia ndani bakitetemeka kuliko vile balikuya. Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Dany, mulimaji wa mupunga kando ya ziwa, mwenye kifua kama mulango ya kanisa. Alikuya kuomba kibali ya bunduki ya kuwinda ya marehemu baba yake, juu viboko balimaliza mupunga na sasa banafika mpaka ku dirisha ya batoto. Kibali ikikosa, bunduki inabaki kwa Serikali. Pengine pamoja na mwenyewe.

— Mule ndani swali ya hatari ni moja, alisema Roger, mwenye banamuitaka Magistrat, ni kusema hakimu, tangu siku alitoa ushahidi juu ya mbuzi. "Ulishafungwaka?"

Dany akaacha kunywa. Alifungwaka kweli, wakati ya ujana.

— Lakini balinifuta, alisema. Procureur mwenyewe, ule mwendesha mashitaka, alisema dosie imefutwa, ile jambo haiko tena.

— Basi haikuwaka! Ukisema ulifungwa, njo unadanganya Serikali. Bazee balisema: samaki inakunjwa ikingali mbichi.

— Samaki inaingia wapi mu hii?

— Ni kusema: kana mapema.

Aubin, ule banamuita Fréquence juu anapataka habari mbele ya redio, akacheka.

— Dany ndugu yangu, usimusikilize. Banafutaka karatasi, habafutake kidole. Ulitia kidole mu wino, ao hapana?

— Nilitia.

— Kile kidole iko Kinshasa! Inakula hewa ya baridi ya climatiseur! Ukisema "hapana", mashine inalia.

Dany akaangalia kidole gumba yake, akaificha mufukoni.

— Na nikisema "ndiyo"?

— Banasema: huyu ni muntu wa porini, anatafuta bunduki afungue kundi yake ya baasi.

— Kundi gani? Miye niko na bibi na viboko tu!

— Bajenerali bote balianzaka vile.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Magistrat akasema na huruma. Batakuya kukukamata batatu.

— Na ile kiboko ya ku dirisha, Fréquence akapunguza sauti, nani alikuambia ni kiboko? Kiboko ya kweli inakula, inarudia mu maji. Hii inachungulia nini mu nyumba? Inatumwa. Inatafuta nani iko na bunduki.

Dany alitaka kucheka. Mudomo ikakataa.

— Nyamazeni, bajinga, Mama Nella akasema. Dany, mama yako, Mama Marie, hatoake aksanti kwa Mungu kila mwaka, juu ulitoka mu kasho ya gereza? Si anachezaka na kitambaa mpaka ku altare, akitaja jina yako?

— Njo vile.

— Jumapili hii alicheza tena, na ule chef mupya wa bureau ya vibali alikuwa kiti ya mbele ya kanisa. Alipiga mikono sana.

Serikali ilifuta. Mama Marie hakufuta.

Mwisho ya kiti kulikuwa mama mumoja, mugeni, mwenye mutumbwi ya Ubwari ilimushusha asubuhi ile. Alikuwa anangojea sukari ya kahawa yake tu.

— Musamaha, bapapa. Huyu balimufungaka juu ya nini?

Magistrat akaangalia Fréquence. Fréquence akaangalia kikombe. Njo swali yenye kufuata "ndiyo", na kijiwe nzima haikuiwaza. Bote bakageukia Dany.

Dany akatafuta mu kichwa. Soko, askari, kamba, mulango ya chuma. Kisha siku ya kutoka. Mbwa ikiachilia muguu yako, huiulize ilikuwa inatafuta nini.

— Sijue, alisema. Habakuniambiaka.

Ngambo ya barabara askari akatoka ku baraza.

— Dany! Aingie!

Akasimama, kidole ingali mufukoni. Kile kifua kama mulango ya kanisa kilikuwa kimejifunga.

— Mama Nella, unibakishie kahawa kidogo.

Mama Nella akainamisha termosi. Hata tone haikutoka.