Bi Kiluwiluwi, Aliyelirudishia Dimbwi Uhai

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mtunza maabara wetu atavua koti lake jeupe na kustaafu rasmi. Jina lake halisi limo kwenye faili ofisini. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa shule hadi mpishi, tunamwita Bi Kiluwiluwi, naye huitika.

Aliajiriwa kuosha chupa za maabara. Cheti cha sayansi hakuwa nacho, ila masikio alikuwa nayo. Mwalimu akifundisha, yeye alipangusa meza huku akisikiliza, kisha akitoka alikwenda kwenye dimbwi lililo nyuma ya maabara kuhakikisha kama aliyoyasikia ni kweli.

Jina la utani alilipata siku ya ukaguzi. Alikuwa amehifadhi viluwiluwi vya vyura ndani ya chupa kuukuu ya chai, na mkaguzi akajimiminia kikombe. "Samahani, mzee," akamwambia kwa adabu, "chai iko kwenye ile nyekundu. Hiyo ni ya kidato cha pili." Mkaguzi alicheka hadi akasahau kukagua stoo.

Lakini kazi yake kubwa ilianza miaka kumi na tisa iliyopita, mbu walipozidi bwenini na wazazi wakaja juu. Kikao kiliitwa. Mimi ninayeandika haya nilikuwa mwalimu mpya wa baiolojia, shahada bado inanukia wino, nikapendekeza dimbwi limwagiwe dawa ya wadudu. Bi Kiluwiluwi aliomba kusema.

"Mwalimu, hiyo dawa haina macho. Mbu atakufa, na anayemla mbu atakufa. Sasa atakayewahi kurudi ni nani?"

Nilimjibu kwa maneno marefu ya chuoni. Kikao kikanipigia makofi.

Dawa ilimwagwa Jumatatu. Kufikia Jumatano samaki walikuwa wanaelea matumbo juu, na vyura tuliozoea kuwalalamikia kwa kelele walikuwa kimya. Bi Kiluwiluwi aliwaopoa wafu kwa chujio, ndoo baada ya ndoo, bila kumtazama mtu. Mvua zilipolijaza dimbwi tena, jibu la swali lake lilikuja likipiga mbawa. Mbu huhitaji wiki mbili tu kukua kutoka yai. Kereng'ende, ambaye watoto wake huishi majini miezi mingi wakila viluwiluwi vya mbu, hakuwepo. Samaki hawakuwepo. Mbu walirejea mara mbili ya mwanzo na kukuta meza imeandaliwa, na hakuna mwenye nyumba.

Mkuu wa shule akaagiza lori la kifusi ili dimbwi lifukiwe. Bi Kiluwiluwi alimfuata ofisini. "Nipe mwaka mmoja, mkuu. Nikishindwa, nitashika koleo mwenyewe nilifukie." Akapewa.

Alilikausha, akatoa tope lenye sumu, akangoja mvua kubwa mbili zilisafishe. Mumewe, fundi baiskeli, alimtengenezea kitoroli, akawa anasomba mimea michache ya majini kutoka kijitoni, maana bila mmea hakuna cha kula wala pa kutagia. Kisha akaleta konokono, kisha samaki wadogo, kila mmoja kwa zamu yake. Kila Ijumaa alichota maji kwa upawa mweupe na kuhesabu viluwiluwi vya mbu: arobaini, ishirini na sita, tisa. Alipoona bwenini mbu hawapungui kwa kasi ileile, alikagua mazalio mengine, akayakuta kwenye makopo matupu na kwenye mfereji wa paa ulioziba, juu kabisa ya ofisi ya mkuu. Mkuu alipanda ngazi mwenyewe kuuzibua.

Mwezi wa kumi wa ule mwaka aliopewa, alinijia mlangoni mwa darasa. Nilijua amekuja kunikumbusha kikao, na nilistahili. Alisema tu, "Mwalimu, njoo uone." Kwenye unyasi mmoja, kereng'ende mchanga alikuwa anajivua ganda lake la majini, mbawa bado mbichi. Tulikaa tumechuchumaa hadi akaruka. Tangu siku hiyo sijafundisha mtandao wa chakula, yaani nani humla nani, bila yeye kusimama kando yangu, na wanafunzi wanajua nani wa kumuuliza maswali magumu.

Mumewe ametutumia salamu kwamba nyumbani pamebaki nafasi ya mke, ila ya vyura hakuna. Wajukuu wanne wana maoni tofauti.

Bi Kiluwiluwi, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na kila mwanafunzi aliyewahi kuinama nawe juu ya maji yale, asante. Afya iwe nawe, asubuhi zako ziwe ndefu, na chai yako iwe chai. Na kwa kuwa nilikupinga mbele ya watu, haya nayasema mbele ya watu, ingawa nimechelewa miaka kumi na tisa: ulisema kweli, nami nilikosea. Asante kwa kuniita nione.