Alama ya Kuuliza Juu ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, limeegemea ukuta wa stoo ya simenti, na upande wa kushoto limebonyea kwa sababu ndiko anakokaa Futi. Futi ni mwashi. Waashi wengine wanasema wanasubiri kazi, yeye anasema kazi ndiyo inamsubiri, na hana haraka nayo. Katikati hukaa Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja, ila alifagia korido za mahakama miaka kumi na minane na akasikia mengi mlangoni. Pembeni kabisa hukaa Bisibisi, fundi redio, na begi lake la vifaa miguuni. Mbele yao, juu ya jiko la mkaa, limekaa birika la mama muuza kahawa. Yeye ni mtu wa maneno machache, maana anasema wateja wake wameshayatumia yote.

Sasa, fundi redio gani huyu anakaa benchini kuanzia asubuhi mpaka jioni? Ukweli ni kwamba duka la Bisibisi lilifungwa muhula wa shule ulipokuwa ndio kwanza unaanza. Redio zenyewe hazikuja tena, na kodi haikuacha kuja. Benchi zima lilijua. Wasiojua walikuwa nyumbani: binti yake, na mjukuu wake wa darasa la nne, ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la Nukta kwa udogo aliozaliwa nao. Kila asubuhi babu mtu hubeba begi, huaga kwamba anakwenda kazini, hukata kona mbili, hukaa. Hakupanga kumdanganya mtu. Siku ya kwanza ulimi ulikuwa mzito, siku ya pili akaona haya kwa kutosema jana yake, na baada ya hapo ikawa mazoea.

Leo alikuja na karatasi ya shule mfukoni, na uso umemshuka.

— Hebu isome, tusikie, — alisema Futi. — Isije ikawa mchango.

— Siyo mchango. Ni taarifa ya muhula. Kesho wanafunga shule, wazazi na walezi tumeitwa.

Bisibisi akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba darasa la nne limejifunza mengi nje ya madaftari. Wiki ya kwanza walipanda kunde kwenye makopo, na kopo moja wakalifungia kabatini ili waone litafanya nini. Wiki ya pili walihesabu milango yote ya mtaa. Wiki ya tano walipima vivuli asubuhi, saa sita na alasiri. Tangu wiki ya saba wanachora ramani ya mtaa, na kila mwanafunzi ameweka alama mahali anapofanya kazi mtu mmoja wa nyumbani kwake. Kesho kila mtoto atasimama mbele ya wageni wote, ataeleza alama yake.

— Kusoma gani huko, — alisema Futi. — Sisi tulikaa chini tukaimba jedwali mpaka sauti ikakauka. Mtoto wa siku hizi analipwa… samahani, analipiwa ada akahesabu milango?

— Na hiyo kunde ya kabatini imekuwaje? — aliuliza mama wa kahawa, na kwa siku ile hayo yalikuwa maneno mengi.

— Nukta anasema ilirefuka kuliko zote. Lakini nyeupe, na haina nguvu ya kusimama.

— Mimi hiyo ya vivuli naikumbuka, — Futi akaendelea. — Kile kivuli ni changu. Walikuja asubuhi wakanipima na kamba. Saa sita wakarudi wakanikuta. Alasiri wakarudi wakanikuta. Mwalimu akawaambia, mnaona, ili kipimo kiwe sahihi lazima kinachopimwa kisisogee.

— Ukafurahi.

— Kwa nini nisifurahi? Katika mtaa mzima walinichagua mimi.

— Walikuchagua kwa sababu hata nguzo ya umeme huwa inatikisika, — alisema Wakili. — Na wewe Bisibisi siku ile ulivyokimbilia stoo, nilidhani umeona nyoka. Uliacha kahawa inatoa moshi.

Bisibisi aligeuza karatasi. Nyuma yake palikuwa na ile ramani, imechorwa upya kwa udogo, na alama zake zote. Mkasi kwa fundi cherehani. Mkate kwa mwoka mikate. Sindano kwenye zahanati. Kidole chake kilitembea mtaa mzima kikitafuta redio. Pale palipokuwa duka lake palichorwa simu, maana sasa wanauza makava ya simu. Redio haikuwepo popote. Halafu kidole kikafika kwenye ukuta wa stoo ya simenti, na pale, juu ya mstari mfupi ambao hauwezi kuwa kitu kingine ila benchi, palikuwa na alama ya kuuliza.

Wakili alikuwa ameshaiona.

— Hii ni sisi hii. Wametuwekea alama ya kuuliza.

— Itakuwa alama zimewaishia, — alisema Futi. — Mkasi umekwenda, mkate umekwenda, watoto wamebaki na hiyo.

— Acha utoto wewe. Ramani ni hati. Mimi nimeona kesi za viwanja mpaka nikachoka kufagia chini yake. Ukiona alama ya kuuliza juu ya kipande cha ardhi, jua mwenyewe hajulikani. Kuna mtu anakitaka hiki kiwanja.

— Kiwanja gani? Hapa ni ubao na matofali.

— Ndivyo wanavyoanza. Wanatuma watoto, wanahesabu milango, wanapima kamba. Nani atamshuku mtoto? Nakwambia tumeshapimwa.

Futi akatafakari, na Futi akitafakari huwa hatoki na kitu kidogo.

— Basi ndiyo maana ya kile kivuli. Kivuli changu hakikusogea kutwa. Wakakipigia hesabu. Kisheria mtu asiyesogea mahali kwa muda mrefu panakuwa pake, au siyo?

— Inaitwa umiliki kwa makalio, — alisema Wakili bila kupepesa macho.

— Kwa hiyo benchi ni langu.

— Ni letu. Na hiyo alama sasa naielewa vizuri. Siyo kwamba hawatujui. Wanatujua mno. Pale pana ofisi, ila haijatangazwa. Alama ya kuuliza maana yake nafasi iko wazi, inasubiri kujazwa. Mimi nitakuwa mwenyekiti.

— Na mimi?

— Vipimo.

— Na Bisibisi?

— Mawasiliano. Redio si mawasiliano? Kesho mwenzetu anasimama pale shuleni kifua mbele, anasema ile ni ofisi, na mimi ndiye mkuu wa mawasiliano. Kwisha kazi.

Walicheka, wakaongezewa kahawa, wakagawana vyeo vilivyobaki. Bisibisi alicheka nao nusu nusu. Kitu kimoja hakuwaambia. Ile alama ya kuuliza ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja mwishoni, na mkia ule anaujua, anauona kila jioni kwenye daftari lililofunguliwa juu ya meza ya kulia. Katika watoto wote wa darasa la nne, aliyeweka alama juu ya benchi alikuwa Nukta. Kesho angesimama mbele ya watu wote aeleze anapofanya kazi babu yake. Kwa mara ya kwanza muhula ule, Bisibisi aliogopa kweli.

— Wageni hao, — alisema mama wa kahawa.

Kweli, watoto watano sita wa sare walikuwa wanashuka barabarani na mwalimu wao nyuma, kila mmoja akiingia mlango wake. Ilikuwa siku ya kumalizia ramani. Mdogo kuliko wote alikuwa anakuja moja kwa moja benchini, daftari kifuani, penseli sikioni.

Bisibisi aliutazama mlango wa stoo. Ulikuwa wazi, hatua nne tu. Goti lake likaanza kunyanyuka, kisha akalirudisha chini.

— Shikamooni, — alisema Nukta.

— Marahaba, — waliitika watatu, na Bisibisi akachelewa kidogo.

Mtoto hakushangaa kumkuta. Alimtazama, akafungua daftari.

— Naomba kuuliza maswali ya ramani. Mwalimu amesema kitu usichokijua usikibuni. Weka alama ya kuuliza mpaka uende ukaulize.

Futi na Wakili wakatazamana. Kumbe habari yote ya kiwanja, ofisi na umiliki ilikuwa hiyo tu.

— Uliza, mwanangu, — alisema Wakili, akijiweka sawa. — Umefika mahali penyewe.

— Hapa panafanyika kazi gani?

— Andika. Hapa ni kituo cha ushauri. Sheria, ujenzi, na mawasiliano kwa ujumla.

Nukta akaandika neno kwa neno, akanyanyua uso.

— Jana alikuja nani kushauriwa?

Wakili akafungua mdomo. Akaufunga. Alimgeukia Futi, Futi akamgeukia mama wa kahawa, mama wa kahawa akapuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

— Jana jua lilikuwa kali, — alisema Futi hatimaye.

Nukta akaandika na hilo.

Bisibisi alivua miwani. Angeweza kuwaacha wenzake waendelee, maana Wakili alikuwa ameshavuta pumzi ya kutunga kingine, na kwa roho safi kabisa. Lakini alimwona mtoto alivyoandika kwa bidii kila alichoambiwa, na ikamuuma.

— Futa hayo, Nukta, — alisema. — Duka la babu lilifungwa. Sina kazi tangu mlipofungua shule. Nikitoka nyumbani huwa nakuja kukaa hapa.

Nukta akaanza kufuta.

— Najua, babu.

— Unajua tangu lini?

— Wiki ya pili tulihesabu milango. Mlango wako ulikuwa na makava. Nikafikiri labda umehamia duka jingine. Halafu wiki ya tano tulikuja kupima kivuli, nikaliona begi. — Akaonyesha miguuni kwa babu. — Lilikuwa hapo hapo, peke yake. Wenzangu wakauliza la nani, nikasema la mtu aliyekwenda kunawa.

Bisibisi alilitazama begi kana kwamba ndilo lililomsengenya. Miezi mitatu alikuwa anaficha, na mtoto wa darasa la nne alikuwa anamfichia yeye.

— Mbona hukuniambia?

— Nilikuwa nasubiri useme. Ndiyo maana niliweka alama ya kuuliza.

Aibu ilimpanda Bisibisi mpaka masikioni, ila chini yake kulikuwa na kitu chepesi. Ilikuwa nafuu, na hakujua aiweke wapi mbele za watu. Akamvuta mtoto akamkalisha ubaoni, kati yake na Wakili.

— Kesho nitakuja, — alisema. — Utasema kama ulivyosikia. Sitakimbilia popote.

— Sawa. — Nukta akageuza ukurasa. — Limebaki swali moja, halipo kwenye orodha ya mwalimu. Babu, kesho utakuja na begi au bila begi?

Futi, aliyepimwa kutwa nzima bila kusogea, alisogea. Wakili, ambaye mahakama nzima haikuwahi kumkosesha neno, alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limeandikwa kitakoni. Akakinyoosha kiongezwe. Mama wa kahawa aliinamisha birika, yakatoka machicha tu.

— Imekwisha, — alisema.

Bisibisi akasimama, akajipangusa vumbi la simenti.

— Twende nyumbani kwanza, — alisema. — Mama yako naye hajui.

Nukta akaomba ruhusa kwa mwalimu, akarudi mbio. Babu akashika mpini mmoja wa begi na mjukuu akashika wa pili, ingawa kwa urefu wao begi lilikaa upande. Ilikuwa saa tano asubuhi, na muhula ule mzima Bisibisi hakuwahi kurudi nyumbani mapema namna ile.