Siku Niliyotolewa Kaburini

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kukata mkonge, wa mashine ya korona na wa kuanika, habari za mchana. Mama katibu ameniomba niseme kidogo katika mkutano huu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, na mwenyekiti amekubali, mradi nimalize kabla chai haijapoa. Mimi si mtu wa kusema. Mnanijua. Katika mazishi ya kambi hii huwa nashuka kaburini, sishiki kipaza sauti. Basi nitasema kama ninavyochimba, polepole, na nikifika penye mwamba mnivumilie.

Sitataja jina la mtu. Wengine mliokaa hapa mlikuwepo siku ile na mnajua nani alishika nini. Yabaki hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa Handeni. Nilisoma mpaka darasa la saba. Baba alipofariki alituachia shamba moja, mimi na mdogo wangu, tukaligawa kwa mstari wa mawe. Mwaka mmoja nilichelewa kuvuna. Mdogo wangu alikuwa amemaliza upande wake, akawaruhusu wafugaji waingize ng'ombe wale mabua. Ng'ombe hajui mstari wa mawe. Nilipofika asubuhi nilikuta nusu ya mahindi yangu yamelazwa chini, yametafunwa. Nikamwita. Akaja anacheka.

"Kaka, si ungevuna? Hata ng'ombe wamechoka kukusubiri."

Alikuwa mtu wa utani. Siku nyingine yoyote ningecheka naye. Nilikuwa na jembe mkononi. Nililigeuza, nikampiga kwa mpini nyuma ya sikio, mara moja. Alitoa sauti ndogo, "aa," kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Akakaa chini. Kisha akalala. Damu ilimtoka sikioni, nyembamba, ikaingia mchangani. Nilimwekea kichwa pajani nikawa namwambia, amka, amka tuwatoe ng'ombe. Watu walipofika walinikuta bado nasema hivyo.

Alizikwa mimi nikiwa mahabusu. Sikumwosha, sikumbeba, sikutupa hata konzi moja ya udongo. Mahakamani nilikiri. Nikahukumiwa kwa kuua bila kukusudia, nikafungwa, nikatumikia kifungo changu chote. Mama alikuja kuniona mara moja tu. Alisimama mbele yangu akasema, "Nimekuja ili nisije nikafa sijakuona. Kukusamehe bado." Alifariki mwaka uliofuata, na yeye pia sikumzika.

Nilipotoka nilikuta nyumba yangu kijijini imechomwa moto, zimebaki kuta. Sikuuliza nani. Nikavuka nikaja Korogwe, kwenye mkonge, mahali ambapo hakuna aliyenijua.

Hapa nataka kusema ukweli wote, maana baadaye ulinigharimu. Fomu ya kazi iliuliza jina, umri, kijiji, shule, ndugu wa karibu na magonjwa. Haikuuliza kama nimewahi kufungwa. Lakini msimamizi wa korona aliniuliza kwa mdomo, "Mtu mzima wewe, miaka yote hii ulikuwa wapi?" Nikamjibu, "Nilikuwa mbali, nalima." Gerezani tulikuwa tunalima kweli. Lakini nilisema vile ili asijue, na mimi nahesabu kuwa nilidanganya.

Nilifanya kazi korona miaka mitatu, nalisha majani kwenye mashine, singa, zile nyuzi za mkonge, zinatoka upande wa pili. Sikuwahi kugombana na mtu. Na kila alipofariki mtu kambini, niliomba ruhusa nikaenda kuchimba, na maiti alipofika nilikuwa mmoja wa wale watatu wanaoshuka kumpokea. Wengi mlisema, huyu bwana ni mcha Mungu. Hapana. Nilikuwa namzika mdogo wangu. Kila maiti aliyeshushwa mikononi mwangu alikuwa yeye.

Hicho ndicho kilichonifichua. Kama ningekaa ndani kwangu kama wenye siri wengine, labda mpaka leo msingejua.

Alifariki mzee mmoja wa upande wa kuanika, kwa homa. Nilikuwa nimeshashuka, kaburi linanifika kifuani, nimenyoosha mikono. Jeneza limewekwa ukingoni. Kati ya wageni waliokuja kuzika alikuwepo kaka wa mjane wa mdogo wangu. Aliniangalia, akaniangalia tena, akaanza kupiga kelele.

"Huyo! Huyo aliye chini! Mnampa maiti mtu huyo? Alimuua shemeji yangu! Mdogo wake wa tumbo moja!"

Aliyekuwa amesimama juu yangu alikuwa jirani yangu, mtu ninayepakana naye ukuta, mtu wa kuombana chumvi kila jioni. Akainama.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

Akanipiga kwa chepe.

Nilikinga kwa mkono wa kulia, nikasikia mfupa unakatika kama bua kavu. Wakanishika shati wakanivuta juu, nikaburuzwa kwenye ule udongo tuliouchimba wenyewe asubuhi. Wakanipiga kwa mipini, kwa viatu, kwa mawe. Meno mawili yalitoka nikayameza. Nilimsikia shehe analia, "Mbele ya maiti! Jamani, mbele ya maiti!" Mtu mmoja alinikanyaga shingo akasema, "Fungua mdomo ule udongo, muuaji." Nikaufungua. Nawaambia mjue, sikupigana. Kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinasema, sawa, haya ndiyo malipo.

Walioniokoa walinipakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, nikafika hospitali sina fahamu.

Siku ya kumi na moja nilirudi kazini na mkono kwenye plasta. Mlinzi wa getini hakutaka kuniangalia. "Bwana, wewe nenda ofisini kwanza." Afisa utumishi hakuniambia nikae. Alinisukumia barua mezani.

"Umetudanganya. Hatuwezi kukaa na muuaji kwenye visu na mashine. Na chumba cha kambi ukiache wiki hii."

"Mkuu, naomba kujieleza."

"Ujieleze nini? Umekataa kwamba uliua?"

"Sijakataa."

"Basi."

Ilichukua muda mfupi kuliko kununua sabuni dukani. Mlinzi akanifungulia geti nitoke.

Kilichofuata sikukitarajia. Pale makaburini nilikubali kupigwa. Lakini nilipokosa kazi, nikalala kwenye banda la mtu la kuhifadhia mahindi, huku mkono unauma, nilianza kumwaza jirani yangu. Mtu aliyekula chumvi yangu! Siku baada ya siku nilimwaza, mpaka nikajikuta nanoa panga juu ya jiwe kwa mkono wa kushoto.

Nilijua kila Jumapili mchana huenda Old Korogwe kwa baiskeli kwa dada yake. Nikakaa kwenye matete karibu na mto. Jua lilikuwa kali. Alikuja taratibu, anaimba kidogo. Nikatoka, nikapiga teke gurudumu la mbele, baiskeli ikaenda huku na yeye akaenda kule. Nikanyanyua panga juu ya shingo yake.

Alipoanguka alisema, "aa."

Ndugu zangu, ile ile. Sauti ndogo ile ile. Sikuwa nasali, wala sikuona nuru yoyote, nisije nikawadanganya. Nilisikia "aa" tu, na mkono ukagoma kushuka. Yeye alikuwa amelala chali ananiangalia.

"Piga basi," akasema. "Si ndicho ulichokuja kufanya? Piga yaishe."

Nililitupa panga mtoni. Yeye akainua baiskeli yake akaenda anaisukuma.

Jioni ile niliogopa nafsi yangu kuliko nilivyoogopa wale watu makaburini. Nikaenda kwa mama mmoja wa kutoka Bungu, anafanya kazi kwenye mashine ya brashi ya kusafisha singa, na ndiye mama katibu huyu aliyeniomba niseme leo, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alikuwa uani anachambua mboga. Nikamweleza yote, mpaka panga. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Barua iko wapi?"

"Mama, mimi sina kesi. Mimi ni muuaji kweli."

"Sijakuuliza kama uliua. Nimeuliza barua."

Nikampa. Akaisoma mara mbili.

"Kifungo ulikimaliza, au kuna kipande walikuambia uje ukimalizie kwenye mkonge?"

"Nilikimaliza."

"Fomu ilikuuliza?"

"Hapana."

"Walikuita kwenye kikao, wakakusomea kosa, wakakupa nafasi uje na mwenzako wa kukusemea?"

"Hapana, mama."

"Na hii barua una nayo tangu lini?"

Nilipomwambia, akaacha mboga. "Mtu akifukuzwa ana siku thelathini za kwenda kulalamika kwenye tume ya usuluhishi. Wewe umekaa na panga lako siku ishirini na mbili. Kesho asubuhi uwe hapa umeoga."

Tukaenda. Usuluhishi ulishindikana, ofisi ilisema haitanirudisha kwa namna yoyote, shauri likaenda mbele ya mwamuzi. Siku ya kusikilizwa walimleta jirani yangu awe shahidi kwamba wafanyakazi wananiogopa. Alikaa kwenye kiti anakunja kofia yake.

Afisa utumishi akamuuliza, "Mweleze mwamuzi. Unamwogopa mtu huyu?"

Jirani akanitazama. "Niliwahi kumwogopa siku moja."

"Siku gani hiyo?"

Alikunja kofia mpaka ikawa kama kitambaa cha kukamulia nazi. Nikaona hataki kusema. Na nikaona kwamba akinyamaza nitashinda, na nitashinda kwa kudanganya tena, kama nilivyomdanganya msimamizi siku ya kwanza. Nikasimama.

"Mheshimiwa, ni siku niliyomvizia njiani na panga."

Mama katibu akanivuta shati. "Kaka, kaa chini! Unajimaliza!"

"Nilitaka kumuua. Sikumuua. Hata swali la msimamizi kwamba nilikuwa wapi, nililijibu kwa kuficha. Nimemaliza."

Afisa utumishi alikuwa anatabasamu. Mwamuzi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, aliandika muda mrefu. Kisha akamgeukia jirani.

"Hilo la panga uliliripoti polisi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyemvunja mkono ule pale." Akaninyooshea kidole. "Nilimpiga akiwa ndani ya kaburi, amenyoosha mikono ampokee marehemu. Ningeenda kuripoti nini? Na mimi angenitaja."

Mama katibu alijifuta uso kwa kanga.

Mwamuzi akamuuliza afisa maswali machache tu. Barua iliandikwa lini? Kabla ya hilo la panga. Fomu yao ilimuuliza kama amewahi kufungwa? Haikumuuliza. Katika miaka mitatu aliwahi kupewa onyo? Hapana. Mlimwita mkamsikiliza kabla ya kumfukuza? Afisa akaanza kupanga karatasi zake.

Uamuzi ulipotoka alisema jibu langu kwa msimamizi halikuwa jema na nisilirudie. Lakini kosa nililokwisha kulitumikia kabla sijaajiriwa, ambalo sikuulizwa kwenye fomu na halikuwahi kugusa kazi yangu, halikutosha kunifukuza. Hata kama lingetosha, walipaswa kunisikiliza kwanza. Akaamuru nirudishwe kazini. Nilirudi kwenye kuanika singa, maana mkono haukuweza tena kulisha korona.

Nimshukuru mama katibu aliyeuliza barua badala ya kuuliza dhambi zangu. Niwashukuru wale wawili wa pikipiki, mpaka leo hamjadai hata shati lililochafuka kwa damu yangu. Nimshukuru na huyo jirani. Ameshika kikombe hapo nyuma na anatamani ardhi ipasuke, kwa hiyo sitamwangalia.

Ninalotaka mlichukue ni hili. Mwenye kifungo nyuma yake, akiulizwa aseme, maana uongo mdogo nao una siku yake ya kufichuka. Akifukuzwa bila kusikilizwa, aende na barua yake upesi, siku zinahesabiwa. Na asikae peke yake na hasira yake. Mimi nilikaa nayo siku ishirini na mbili na ilikuwa imebaki nusu ya pumzi niue tena. Mdogo wangu ndiye aliyenizuia, kwa ile sauti. Sijui kama hiyo ni kunisamehe. Sitasema kwa niaba yake.

Nilibakiza jambo moja. Baada ya kurudi, mazishi ya kwanza yaliyotokea kambini nilisimama mbali, nyuma ya watu, nikaweka mikono mfukoni. Wawili wakashuka. Wa tatu hakupatikana. Watu wakatazamana, maiti ameshafikishwa ukingoni. Jirani yangu alikuwa pale pale juu, na chepe lile lile mkononi. Akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akalilaza chepe chini, akanyoosha mkono.

"Bwana, unangoja nini huko? Shuka, marehemu anasubiri."

Nikashuka. Mkono huu haunyooki vizuri, mnauona. Lakini kupokea, unapokea.

Mwenyekiti, nimemaliza. Watu wanywe chai.