Homa ya Dengue na Mapipa Yetu ya Kashikishi

Mgeni rasmi, Bwana Elliot Chisenga, mkuu wa afya wa wilaya yetu; viongozi wa soko; wachungaji; akina mama na akina baba wa ng'ambo zote mbili za ziwa: mwaiseni mukwai, karibuni.

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuketi nasi kwenye harufu ya samaki. Tunasoma risala hii kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya biashara yetu. Panapokuwa pagumu, Mama Misozi atatafsiri kwa Kibemba.

SISI NI NANI

Sisi ni Kikundi cha Tushikamane, wakausha samaki na wachuuzi. Wengine wetu ni Wazambia wa Kashikishi na Kafutuma. Wengine ni Wakongomani, tunaovuka Ziwa Mweru na samaki na kurudi na unga. Chanja za kukaushia ni zetu sote.

HOMA ILIVYOTUINGIA

Mvua zilizopita, mwenzetu Emilienne Nkulu, anayetoka upande wa Kongo, alishikwa na homa kali. Macho yalimuuma kwa nyuma, viungo vikawa kama vimepigwa. Alipimwa malaria, haikuonekana. Mwenye duka la dawa akamwambia, "Kipimo kinadanganya, mama. Njo malaria tu." Akamuuzia dawa ya malaria pamoja na vidonge vikali vya maumivu.

Homa iliposhuka tulifurahi. Kumbe hatari ndiyo ilikuwa inaanza. Tumbo lilimkata, akatapika, fizi zikatoka damu. Misozi, aliyempangisha chumba, alimpakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Muuguzi Chewe alipoviona vile vidonge alimnyang'anya. "Hivi vinazidisha damu kutoka," alisema. "Kwa maumivu ni panadol peke yake, na kunywa maji kwa wingi." Akamtundikia dripu. Damu yake ikapelekwa Lusaka, na jibu likarudi: dengue. Emilienne alipona. Ndiye yule mwenye kitenge cha kijani.

Lakini jibu lile lilipofika sokoni liligeuka jina, likaitwa homa ya Wakongomani. Wateja walizipita meza zetu kwa mbali. Mitumbwi ya ng'ambo ikakatazwa kutia nanga hapa kwa muda.

Willy alikuwa mbeba mizigo wetu wa upande wa Kongo, baba wa watoto, mtu wa kuimba chini ya gunia. Homa ilipomshika alijificha ndani ya mtumbwi. Mwenzake Guy alimsihi waende hospitali. Willy akajibu, "Hapana, Guy. Nikienda, batasema njo miye nilileta ugonjwa. Batatufukuza shiye bote." Akameza vidonge kama vile alivyouziwa Emilienne. Guy alipomfikisha kwa daktari, damu ilikuwa imeshamtoka kupita kiasi. Tulimzika kwao, ng'ambo.

Muda si mrefu akaugua Dorica, mkausha samaki wa hapahapa, ambaye hajavuka ziwa maisha yake yote kwa kuogopa maji. Nayo ilikuwa dengue. Huyu tulimwahi, akapona.

TULICHOFANYA

Watu wa afya walipomulika tochi kwenye mapipa yetu ya maji, tuliona viluwiluwi wa mbu wakicheza. Tulifundishwa kwamba mbu huyu ndiye anayeambukiza dengue, na anauma mchana, wakati tunauza. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Sasa kila Jumamosi tunamwaga maji, tunasugua kuta za pipa kwa brashi kwa sababu mayai yananata, kisha tunafunika. Matairi tuliyokuwa tunayakalia tumeyatoboa yasishike maji. Mwenye homa anapelekwa kupimwa, na mmoja wetu anakaa naye hata homa ikishuka. Mwenye duka la dawa naye ni mwanachama siku hizi. Mgonjwa akifika kwake, anamtuma hospitali kwanza.

TUNAPOKWAMA

Bomba la soko linatoa maji linapotaka. Tukimwaga leo, kesho hatuna ya kuoshea samaki. Wapo akina mama wanaoficha pipa moja nyuma ya nyumba, na hatuna moyo wa kuwalaumu. Tena, kipimo cha dengue hapa hakuna. Jibu la Lusaka linamkuta mtu amepona au amezikwa.

TUNAYOOMBA

Tunaomba bomba litengenezwe, kipimo kiletwe karibu, na mapipa yapate vifuniko vya kubana.

Ombi la mwisho halina gharama. Mjane wa Willy, Mama Vicky, yuko ng'ambo na watoto. Anataka kurudi kuuza hapa. Alimwambia Guy, "Naogopa macho ya batu." Mgeni rasmi, utakaposimama, tunakuomba utamke mbele ya soko hili kwamba homa hii ilizaliwa kwenye maji yetu wenyewe, na kwamba Willy hakumletea mtu ugonjwa. Utamke kwa Kibemba, polepole, wote wasikie. Guy anavuka mchana huu. Atampelekea Mama Vicky maneno yako kama utakavyoyasema.

Lesa amupaale, Mungu akubariki wewe na nyumba yako.

Ni sisi,
Kikundi cha Tushikamane, Kashikishi