Mzee arap Sitienei na Chumvi ya Ng'ambo

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, mlioruhusiwa kuacha kazi mpaka saa sita tu, mimi ni Kimutai, kifungua mimba wake, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Mzee Joseph Kipkemboi arap Sitienei. Mnisamehe nikisoma kwa hasira, maana hasira ninayo.

Mzee alizaliwa mwaka wa 1892, ng'ambo ya mto huu, upande wa Chepsaita, mahali ambapo ng'ombe wa ukoo wetu walipelekwa kila kiangazi kulamba udongo wa chumvi, yaani ng'eny, kwa sababu ng'ombe asiyeulamba hukonda, maziwa yakakauka, na watoto wakalala njaa.

Mwezi wa Juni 1912 alikuja mpima ardhi, akawauliza wazee, babu yetu akiwa mmoja wao, ng'ombe wao wanalisha wapi, nao, kwa kuwa mvua ilikuwa nyingi na nyasi tele karibu na boma, wakamwonyesha pale pale ng'ombe walipokuwa asubuhi ile, kwani ni nani hutaja malisho ya kiangazi mvua ikinyesha? Mpima akawashukuru, akasimamisha mawe ya mpaka kando ya mto, na Januari iliyofuata babu alipovusha ng'ombe kwenda kwenye chumvi alikamatwa kama mwizi, kwa kosa la kuingia shamba la kaburu aliyekuwa amefika juzijuzi na magari yake ya kukokotwa na maksai.

Kuhusu kazi, mwaka huo wa 1913 marehemu aliweka kidole gumba kwenye mkataba wa kaburu huyo, si kwa kupenda ngano yake, bali kwa sababu skwota, yaani kibarua aliyeishi shambani mwake, peke yake ndiye aliyeruhusiwa kufikisha ng'ombe kwenye chumvi, na kwa ruhusa hiyo alimlimia nusu ya kila mwaka, baadaye na mkewe, na sisi watoto mara tulipoweza kushika jembe, akaning'iniza kipande, ile hati ya kazi, shingoni kuanzia 1920, akachapwa kiboko mbele yetu. Mchungaji, ulipohubiri habari za Waisraeli kule Misri, baba alicheka kanisani, nawe ukamkemea, basi leo umejua alichekea nini.

Masomo yake yalikuwa ya jioni tu, misheni, na alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1925. Alikuwa amemwoa mama yetu, Sarah Chepkoech, kwa desturi zetu mwaka wa 1916, wakabarikiwa kanisani 1926, wakajaliwa watoto sita, na wanne tuko hai.

Mwaka wa 1947 kaburu aliamuru ng'ombe wote wa maskwota waondolewe, eti wataambukiza magonjwa ng'ombe wake wa maziwa, nikamsihi baba avuke aje kwangu huku rizavu, tulikotengewa sisi Waafrika, kwa maana ng'ombe hawapo tena, angoje nini, naye akanijibu, "Nikiondoka mimi, nani atajua hapa palikuwa kwetu?" Akabaki, akilima.

Kifua kilimwanza Februari mwaka huu, akalazwa hospitali ya Eldoret, na akafariki Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956, akiwa ametuachia ombi moja, azikwe pale penye chumvi. Jana nilienda kwa kaburu, kofia mkononi, akaniambia, "Hapana. Mimi nakubali yeye lala hapa, kesho nyinyi yote nasema shamba yenu." Kumbe na yeye anajua. Ndiyo sababu tunamzika huku, na mto uko katikati.

Tunawashukuru daktari na madresa, wale wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala kilioni, na wafanyakazi wenzake, hasa Mzee Nyongesa na ndugu zake kutoka Bungoma, waliochimba kaburi kwenye matope bila kuombwa. Kwa mwenye shamba sina shukrani, na mchungaji asinisaidie kuzitafuta.

Januari nitavusha ng'ombe wangu niwapeleke kwenye chumvi, mchana, watu wote wakiona, na wanaotaka kunikamata wanikute huko.

Pumzika kwa amani, baba. Sisi bado.