Eliaser Tobiassen, mpiga king'ora wa Aamarsualik

Mchungaji, wazee wetu, na nyote mliopanda ndege na meli kuja hapa Nuuk, mimi ni Agathe, mtoto wa dada wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, na kwa kuwa mjomba hakupenda maneno mengi nitajitahidi kufupisha, ingawa mnanijua.

Eliaser Tobiassen alizaliwa tarehe 14 Februari 1934 katika kambi ya wawindaji upande wa kaskazini wa kisiwa cha Aamarsualik, akiwa mtoto wa tatu wa Amos, mwindaji wa sili, na mkewe Rakel, akabatizwa mwezi Mei barafu ilipoachia na mchungaji akaweza kufika, kisha akasoma kwa katekista kuanzia mwaka 1941 hadi 1948, akatoka akijua kusoma, kuimba sauti ya besi, na kuchonga chusa kwa siri chini ya dawati.

Tarehe 3 Juni 1950, baba yake alipoanza kukohoa damu, Eliaser alihamia mji wa hapo kisiwani na kuajiriwa katika mgodi wa makaa ya mawe, ambao makaa yake yalipasha moto ofisi na maduka ya serikali pwani nzima, na ambao mameneja wake wote walitoka Denmark, wakilipwa zaidi yetu hata pale kazi ilipokuwa ile ile, jambo ambalo baadaye liliwekwa kwenye sheria kabisa, bila haya. Lakini nisiseme uongo, tuliupenda mji ule. Tuliipenda theluji yake nyeusi, bendi ya tarumbeta iliyopiga kila Jumapili, dansi za Jumamosi ndani ya karakana huku viatu vikinata kwenye grisi, na nguo zilizoanikwa ambazo hazikuwahi kuwa nyeupe hata mama zetu wafanyeje.

Katika dansi hizo ndipo alipompata Bolette, aliyemwambia, "Wewe unacheza kama umefungwa mbwa miguuni," wakafunga ndoa tarehe 20 Julai 1957, wakajaliwa watoto wanne, Malene, Gerth, Susanne, na Amos mdogo aliyeishi siku tisa na kuzikwa kule kule kisiwani.

Mwaka 1955 alikuwa amekabidhiwa king'ora cha mgodi, kazi ya kuaminiwa, mlio mmoja kwa zamu kuingia na kutoka, milio mitatu mirefu kwa maafa, na alikaa kwenye kibanda chake juu ya mteremko akiitazama bahari zaidi ya saa. Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 1962 akaona migongo ya nyangumi weupe, kundi kubwa, wakipita karibu na ufuko. Nyote mnajua desturi yetu, anayewaona kwanza lazima aite, na akinyamaza amewanyima watu chakula cha majira ya baridi. Wanaume wote walikuwa chini ya ardhi, zamu ilikuwa na saa tano mbele yake, na sauti ya mtu haifiki huko. Akapiga milio mitatu.

Wanaume walitoka mbio nyuso nyeusi, wanawake walipanda mteremko wakilia, na Bolette akafika mbele ya wote na blanketi na bandeji mkononi.

"Eliaser! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mke wangu. Nyangumi hao!"

Alimzaba kofi mbele ya meneja, kisha akageuka akawafokea wanaume, "Mnashangaa nini? Shukeni kwenye mashua!" Siku ile walivuliwa nyangumi sitini na wawili, na hapakuwa na nyumba iliyokosa ngozi yao na mafuta hadi Pasaka.

Meneja Holmgaard alimwondoa kwenye king'ora akampeleka kuchota makaa chini, alikofanya kazi miaka tisa bila kulalamika, hadi tarehe 16 Novemba 1971 ofisa kutoka Copenhagen alipotukusanya ukumbini na kusoma kwamba mgodi unafungwa na mji wote utahamishwa, kwa sababu hauna faida na wenyeji hawaaminiki kazini, akatoa mfano wa siku ya nyangumi. Hakuna aliyemtazama Eliaser. Wote tulitazama viatu vyetu, tukatoka, na hatukulizungumza tena.

Mwaka uliofuata yeye na familia yake walihamishiwa hapa Nuuk, kwenye ghorofa ya nne, na kwa kuwa huku kusini mbwa wa kuvuta sleji hawaruhusiwi, aliwapiga risasi mbwa wake kumi na mmoja mwenyewe, hakutaka mtu mwingine awaguse. Alifanya kazi katika kiwanda cha samaki hadi alipostaafu mwaka 1999, akampoteza Bolette mwaka 2006, na kila watu wa Aamarsualik walipokutana alitafuta udhuru, mara mguu, mara mafua.

Mwaka 2009 nilikuta katika jalada la serikali barua ya kuamua mgodi ule ufungwe. Imeandikwa Machi 1960, miaka miwili na nusu kabla ya nyangumi, kwa sababu mafuta yaliyoletwa kwa meli yalikuwa rahisi kuliko makaa yetu. Nilimpelekea nakala mbio, nikidhani nimemletea uzima. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Asante, binti. Lakini hii wameandika wao. Watu wetu wanasemaje?"

Kwetu mtu aliyeaibika hasemeshwi aibu yake, hiyo ndiyo heshima, nasi tulimheshimu hivyo miaka arobaini na minne, na yeye kila siku ya miaka hiyo alisikia tunamlaumu.

Aliugua mapafu kuanzia Januari 2013, akafariki tarehe 2 Machi 2016 saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili, ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Nuuk, majirani wa ghorofa ya nne waliompandishia maji na mkate, na wenzake wa kiwandani. Ninyi wa mgodini siwashukuru bado. Nawahesabu, mko kumi na wawili, nami wa kumi na tatu, niliyekuwa na miaka minane na nikanenepa majira yale ya baridi. Kabla jeneza halijafungwa, tupite mmoja mmoja, tuvunje heshima ile, tumwambie kwa sauti kwamba hakufunga mji wetu. Naanza mimi.

Mjomba, tulikula tukashiba, na hukutukosea. Lala sasa, Mungu akupe utulivu.